Moshi kwanza, spana baadaye: pikapu ya dizeli kwenye baridi kali

Asubuhi ile kipimajoto kilikuwa kinasoma digrii 19 chini ya sifuri na pikapu ilikuwa imelala nje siku mbili haijaguswa. Nimeingia, nimefungua switchi, ile taa ya njano yenye alama ya waya uliojikunja ikawaka, ikazima, nikapiga stata. Injini ikazunguka, haikushika. Nikaipumzisha, nikapiga tena, ikawa inakohoa kwenye silinda moja au mbili hivi alafu inakata, na huko nyuma kwenye ekzosi unatoka moshi mweupe mzito unaonuka dizeli mbichi, ule moshi unaochoma macho na haupandi juu, unatambaa chini kwenye theluji. Mara ya tano stata yenyewe ikaanza kuchoka.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kimenifanya niandike haya. Nilishaamua kichwani kwamba dizeli imeganda, maana ndio kitu cha kwanza kila mtu anakuambia ukitaja dizeli na baridi, kwa iyo nikafungua boneti, nikatoa filta ya dizeli kwa vidole ambavyo havisikii tena kitu, nikafunga mpya, nikatoa upepo kwa pampu ya mkono, nikapiga stata. Moshi mweupe uleule. Saa nzima imekwenda, betri imeisha nguvu, na jibu lilikuwa nyuma ya gari tangu dakika ya kwanza.

Moshi mweupe wakati unapiga stata maana yake dizeli inafika. Imetoka kwenye tangi, imepita filta, imepita pampu, nozeli zimeinyunyiza ndani ya silinda, ila haikuungua, ikatoka ilivyoingia. Kama ingekuwa imeganda nisingeona moshi kabisa, injini inazunguka tu na ekzosi kimya. Yani mambo mawili tofauti kabisa, na kuyatofautisha hakuhitaji kifaa chochote, unahitaji mtu apige stata wewe ukae nyuma uangalie, au ukiwa peke yako angalia kwenye kioo cha pembeni. Sasa hivi sigusi spana kabla sijaangalia moshi na kusikiliza stata, na nawaomba sana na nyinyi mfanye hivo, mtajiokolea vidole.

Twende kidogo kwenye kwa nini, maana ukielewa hii mengine yote yanakaa sawa. Injini ya petroli ina spaki plagi, cheche inawasha mafuta. Dizeli haina cheche, inabana hewa tu mpaka iwe moto, hewa inabanwa mara 15 mpaka 20 na kitu hivi, joto lake linapanda kupita digrii 500 na hapo dizeli ikinyunyizwa inawaka yenyewe. Hiyo ni injini ikiwa na afya na imeshapata joto. Ikiwa imelala kwenye baridi, bloku lote ni baridi, kuta za silinda baridi, pistoni baridi, na kila ukibana hewa lile joto linanyonywa na chuma. Alafu ukizungusha polepole ndio mbaya zaidi, kwa sababu hewa inapata muda wa kuvuja kwenye ringi za pistoni na joto linapata muda wa kukimbilia kwenye chuma. Kwa iyo injini ya dizeli asubuhi ya baridi inataka vitu vitatu, izungushwe kwa kasi, isaidiwe joto, na dizeli ifike. Kimoja kikipungua kidogo na kingine kikapungua kidogo inagoma, hata kama hakuna kitu kilichokufa kabisa. Ndio maana gari ambayo ilikuwa inawaka vizuri kwenye joto inakataa ghafla wiki ya kwanza ya baridi, ugonjwa ulikuwepo tangu zamani, joto la nje lilikuwa linauficha.

Kwangu ilikuwa ni hita plagi, zile plagi za umeme zinazopasha joto ndani ya silinda kabla ya kupiga stata, ndizo zenye ile taa ya njano. Mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa. Na hapa kuna kitu nilikuwa sikijui, ile taa ya kwenye dashibodi haithibitishi kwamba plagi zinafanya kazi. Kwenye magari mengi, hasa ya zamani, inahesabu muda tu kulingana na joto la kulanti (maji ya kupozea injini), sekunde zikiisha inazima, plagi ziwe nzima au ziwe zimekufa zote. Magari mapya mengine yanapima kila plagi na kukuandikia kosa kwenye kompyuta, ila yangu haina hiyo.

Kupima ni rahisi sana na mtu yeyote mwenye mita anaweza. Unazima switchi, unatoa ile bamba ya shaba au nyaya zinazounganisha plagi juu, kila plagi ibaki peke yake, alafu unaweka mita kwenye ohm, ncha moja juu ya plagi ncha nyingine kwenye chuma cha injini. Plagi nzima inasoma ndogo sana, chini ya ohm moja au moja na kitu, iliyokufa mita haisomi kitu kabisa, waya wa ndani umekatika. Zangu zilisoma 0.9, alafu hakuna, alafu 0.8, alafu hakuna. Namba mbili na namba nne. Nilipima tena na tena maana sikuamini, gari ilikuwa inawaka vizuri wiki mbili kabla.

Kama una mita ya kubana waya ndio raha zaidi, hufungui chochote, unabana waya mnene unaotoka kwenye rilei (ile switchi ya umeme inayoziwashia plagi) kwenda kwenye plagi, mtu anafungua switchi, unasoma ampea. Plagi moja ya volti 12 inakula kama ampea 10 mpaka 20 pale mwanzo alafu inashuka kadiri inavyopata moto, kwa iyo nne zote nzima utaona namba kubwa, na ukiona nusu ujue mbili hazipo. Ukiona sifuri usikimbilie kununua plagi nne, angalia kwanza fyuzi kubwa na rilei. Rilei ikifa plagi zote zinaonekana zimekufa kumbe hazipati umeme tu.

Tahadhari moja kubwa hapa. Usichukue waya ukapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye plagi ili uone kama inawaka nyekundu, kabla hujajua plagi yako ni ya volti ngapi. Injini nyingi za siku hizi zina plagi za volti ndogo zinazoendeshwa na kontrola yake, ukizipa 12 mfululizo unaziunguza mwenyewe. Pima kwa ohm, inatosha.

Kuzitoa ndio sehemu ya kuogopa. Plagi zinakaa miaka ndani ya hedi (kile kifuniko cha chuma juu ya silinda), masizi yanazishika, na zikikatikia ndani hiyo ni kazi nyingine kabisa, wakati mwingine hedi inatoka. Mimi nilisubiri. Niliiwasha kwa msaada wa hita ya bloku (ntaieleza huko mbele), nikaiendesha mpaka ikapata joto kamili, nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kila plagi nikaiacha, nikaendesha tena kesho yake, nikamwagia tena. Siku ya tatu, injini bado ina moto, nikaweka soketi ndefu nikaanza kuzungusha kwa mkono mmoja tu, robo mzunguko mbele, robo kurudi nyuma, mbele, nyuma. Namba nne ilikuwa inalia. Ule mlio mwembamba wa chuma kinachotaka kukatika, nadhani aliyewahi kuusikia anajua tumbo linavyokaa. Kila ikilia narudi nyuma, namwagia mafuta, nasubiri. Dakika 40 kwenye plagi moja, na ilitoka nzima, ncha yake nyeusi imevimba kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Nilizibadilisha zote nne maana zile mbili zilizobaki zina umri uleule. Kurudisha mpya unaanza kwa vidole, unamalizia na spana ya torki kwa namba ya kitabu cha gari, na ni namba ndogo, hazitaki nguvu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa digrii 17 chini, ikashika kwenye mzunguko wa pili. Moshi kidogo wa sekunde chache, basi. Nilikaa mle ndani naisikiliza tu.

Sasa ya pili, hii dizeli kweli iliganda, na naieleza kwa sababu dalili zake hazifanani kabisa na ile ya kwanza. Ilikuwa kipindi hichohicho baridi iliposhuka ghafla, na tangi lilikuwa na dizeli niliyojaza wiki za nyuma kabla baridi haijaanza. Gari iliwaka bila shida. Nikatoka, nikaenda kama dakika nne tano hivi, alafu nikaona nakanyaga mafuta haendi, inavuta kama imefungiwa tela, inapungua, inapungua, ikazima barabarani. Nikapiga stata, inazunguka kwa kasi nzuri kabisa, na nyuma hakuna moshi hata kidogo. Hapo sikuhangaika na plagi.

Inaanza alafu inakufa njiani kwa sababu dizeli iliyokuwa tayari kwenye paipu na kwenye filta inatosha kuwasha na kwenda kidogo, alafu inayofuata kutoka kwenye tangi inakuja na chembe za nta, zinaziba karatasi ya filta, pampu inanyonya haipati. Dizeli kwa asili yake ina parafini ndani, ndugu wa ile ya mshumaa, na kwenye joto imeyeyuka huioni. Baridi ikifika kiwango fulani zinaanza kutokea chembe ndogondogo dizeli inakuwa na ukungu kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Ikiendelea kushuka filta inaziba. Ikishuka zaidi dizeli yenyewe haimiminiki tena. Watu wanafikiri ni lazima tangi lote liwe gumu, hapana, dizeli kwenye tangi inaweza kuwa bado inatingishika vizuri na gari isiende, filta ndio inaziba mapema.

Nilipoifungua ile filta nilikaa naiangalia. Kwenye mikunjo ya karatasi kulikuwa na kitu kama grisi nyepesi rangi ya majani makavu, nikikigusa kwa kidole kinakuwa laini, nikikisugua kinayeyuka na kidole kinabaki kinanuka dizeli. Mikunjo yote imejaa, hakuna upenyo.

Ya kufanya ukifika hapo ni joto tu, hakuna njia nyingine ya kweli. Gari ivutwe iingie ndani penye joto ikae masaa, sio dakika, tangi zima linachelewa kupata joto. Huna pa kuiingiza, basi filta mpya, na ile ya zamani au kikombe chake unakizungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, au unatumia draya ya nywele. Moto wa wazi chini ya tangi au karibu na filta, hapana, hapana kabisa, najua watu wanafanya na najua mtu atasema dizeli haishiki moto kirahisi, kwenye baridi ndio kweli haishiki ila paipu za plastiki na nyaya na mafuta yaliyotapakaa kwenye injini vinashika. Usifanye.

Dawa ya kuzuia kuganda, ile ya chupa, inafanya kazi ila soma vizuri, nyingi zake ni za kuzuia, zinataka zimwagwe wakati dizeli bado ina joto na haijaanza ukungu, kazi yake ni kufanya chembe za nta zibaki ndogo zipite kwenye filta. Ukimwaga kwenye dizeli iliyoshaganda hazirudishi nyuma. Kuna nyingine za dharura za kuyeyusha, hizo zimeandikwa hivo, usichanganye hizo mbili. Na unaimwaga kabla ya kujaza mafuta ili zichanganyike zikiingia.

Ila dawa kubwa kuliko zote ni kununua dizeli ya msimu. Sehemu zenye baridi wauzaji wanabadilisha dizeli kwa msimu, Ulaya kwa mfano kiwango cha EN 590 kina madaraja, la A linapita kwenye filta mpaka digrii 5 juu ya sifuri tu, la F mpaka 20 chini, na yapo ya ncha ya kaskazini yanayofika mpaka 44 chini. Ona ilivyo tofauti, na kwa macho zote ni dizeli, zinafanana. Kwa iyo mtu mwenye pikapu inayokaa sana bila kutembea ndiye yuko hatarini kuliko anayeendesha kila siku, maana tangi lake bado lina dizeli ya msimu wa joto. Kama unatoka sehemu ya joto kwenda ya baridi, panga ufike na tangi karibu tupu ujaze huko huko, dizeli ya huko imeandaliwa kwa baridi ya huko. Na dizeli yenye mchanganyiko mkubwa wa mafuta ya mimea inaganda mapema kuliko ya kawaida, kumbuka hilo.

Kuchanganya mafuta ya taa, hili nitaulizwa tu. Zamani ilikuwa kawaida na kweli yanashusha kiwango cha kuganda. Tatizo mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu za komon reli (mfumo wa dizeli wa injini za sasa) zinalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake, kwenye presha kubwa mno, ukiipa mafuta makavu inajisaga na ule unga wa chuma unakwenda kwenye nozeli zote. Na sehemu nyingi sheria hairuhusu kwa sababu ya kodi. Injini ya zamani ya pampu ya kawaida ilivumilia, ya sasa usijaribu. Petroli ndio kabisa usiiguse.

Maji nayo. Chini ya filta kuna kikombe cha kukusanya maji na koki ndogo, na watu wanaisahau mwaka mzima. Kwenye baridi yale maji yanakuwa barafu, na kipande cha barafu kwenye njia ya dizeli kinaziba sawasawa na nta, dalili zilezile. Mimi naikamua kila wiki mbili msimu wote, naweka kopo chini nafungua koki mpaka itoke dizeli safi bila matone yanayokaa chini. Na tangi nalala nalo limejaa, nafasi tupu ndani ya tangi ina hewa yenye unyevu na usiku unyevu unashika kwenye kuta unakuwa maji.

Kuna mwizi mmoja mdogo ambaye anafanana na dizeli kuganda naye ni hewa. Oringi na mipira ya paipu ikizeeka inasinyaa kwenye baridi, hewa inaingia, usiku dizeli inarudi taratibu kwenye tangi, asubuhi unapiga stata muda mrefu bila moshi alafu ghafla inashika inatetemeka inatulia. Ukibana pampu ya mkono kabla ya kupiga stata na unakuta ni laini haina kitu, na baada ya kuibana mpaka ikawa ngumu gari inawaka mara moja, tafuta inapovutia hewa. Kipande cha paipu inayoonekana ndani ukikiweka kwa muda karibu na pampu kitakuonyesha mapovu.

Nimeongea sana dizeli na plagi ila nikisema ukweli asubuhi nyingi za baridi kinachokwamisha ni mzunguko wenyewe, yani betri na oili.

Betri kwenye digrii 18 chini ya sifuri inabaki na kama nusu ya nguvu yake ya kupiga stata, wakati huohuo injini inataka nguvu zaidi kuzunguka kwa sababu oili imekuwa nzito. Ndio maana kwenye betri kuna ile namba ya ampea za baridi, ni ampea ambazo betri inatoa kwa sekunde 30 kwenye hizo digrii 18 chini bila kushuka chini ya volti 7.2. Dizeli inataka namba kubwa kuliko petroli, usikubali kuuziwa yoyote inayotosha kwenye trei. Pima ikiwa imelala usiku kucha, 12.6 mpaka 12.7 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 nusu. Mtu apige stata wewe uangalie mita, ikishuka chini ya 9.6 kuna shida. Injini ikiwaka uone 13.8 mpaka 14.5 hivi kutoka altaneta. Na betri isiyo na chaji inaganda yenyewe ndani, iliyojaa inastahimili baridi kali mno ila iliyokwisha maji yake yanaweza kuganda kwenye digrii 7 au 8 tu chini ya sifuri, na betri iliyoganda usiichaji wala usiiunganishe na ya gari nyingine, inaweza kupasuka. Iingize kwenye joto iyeyuke, iangalie kama imepasuka, ndio uamue. Wenye pikapu za betri mbili, badilisheni zote pamoja, moja mbovu inaivuta nzima.

Kabla ya kununua betri safisha vichwa vyake na waya wa ethi, hasa ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Weka mita ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata, ikisoma zaidi ya nusu volti umeme unapotea kwenye huo waya. Wangu ulikuwa kijani kwa kutu ndani ya plastiki, kwa nje mzima kabisa.

Oili nilikuwa natumia 15W-40 miaka yote. Ile namba ya mbele na W ndio ya baridi, 15W inapimwa kuzungushwa kwenye digrii 20 chini, 10W kwenye 25, 5W kwenye 30, 0W kwenye 35. Sasa mimi niko 19 chini na 15W, niko kwenye ukingo wake kabisa. Nilihamia 5W-40 ambayo kitabu cha gari kinairuhusu, na tofauti unaisikia kwa masikio, stata inazunguka kama asubuhi ya kawaida. Ila angalia kitabu chako, gari yenye filta ya masizi kwenye ekzosi inataka oili ya majivu kidogo, usiangalie namba ya uzito peke yake.

Hita ya bloku ndio kitu ambacho kama baridi yako ni ya kudumu nakuombea uwe nacho. Ni kifaa cha umeme kinachoingia kwenye bloku kinapasha kulanti, nyingi ni wati 400 mpaka 1,000 hivi. Masaa mawili mpaka manne kabla ya kuondoka yanatosha, nimeweka taima, hakuna haja ya kuiacha usiku kucha. Injini inawaka kama imetoka safari, oili inapanda mapema, na hita ya ndani inatoa joto kabla hujafika barabara kubwa. Tumia ekstensheni nene ya nje, nyembamba inapata moto.

Kulanti pia ipimwe. Nusu maji nusu glaikoli inalinda mpaka karibu digrii 37 chini ya sifuri. Watu wanadhani glaikoli tupu ni bora zaidi, sivyo, ikiwa tupu bila maji inaganda kwenye kama 12 au 13 chini, lazima ichanganywe. Na aliyekuwa anaongeza maji matupu kila ikipungua kwenye joto, apime kabla ya baridi, maji yakiganda kwenye bloku yanapasua chuma.

Spreyi ya kuwashia ile ya etha, tafadhali. Kwenye injini yenye hita plagi au hita ya njia ya hewa, etha inakutana na kitu chekundu na inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni bado inapanda. Ringi zinavunjika, pistoni zinapasuka, kuna watu wamepoteza injini nzima kwa kutafuta kuwahi dakika tano. Wala stata usiipige zaidi ya sekunde 10 hivi kwa mkupuo, ipumzishe, washa plagi tena raundi mbili tatu kabla ya kupiga, hiyo inasaidia sana.

Ikishawaka usiikanyage, oili bado haijafika kwenye tabo (tabochaja, ile inayosukuma hewa kwenye injini). Ipe nusu dakika au dakika, alafu ondoka polepole. Kuiacha kwenye sailensi, yani inaunguruma imesimama, nusu saa ili ipate joto ni kujidanganya, dizeli kwenye sailensi inachoma kidogo sana haipati joto, dizeli isiyoungua inashuka kwenye kuta inaingia kwenye oili, na filta ya masizi inajaa. Inapata joto ikifanya kazi. Wenye filta ya masizi na safari fupifupi mtafutieni siku moja ya safari ndefu barabara ya wazi ili ijichome. Na wale wenye AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa ekzosi), inaganda kwenye digrii 11 chini ya sifuri, hiyo ni kawaida, tangi lake lina hita na gari inawaka hivohivo, msimwage dawa yoyote humo ndani mkidhani mnaisaidia.

Matairi yanapungua upepo kama psi 1 kila joto likishuka digrii 5 au 6, pima asubuhi kabla hujatembea. Basi hilo halina maneno mengi.

Kwa sasa iliyobaki kwangu ni termostati. Wiki hii mshale wa joto unapanda ukifika robo unasimama hapo, nikiwa barabara ya kasi unashuka kabisa, na hita ya ndani inatoa hewa ya uvuguvugu tu. Paipu ya juu ya redieta nimeishika dakika mbili baada ya kuwasha, tayari ina joto, wakati ilitakiwa ibaki baridi mpaka injini ifike digrii 80 na kitu, kwa iyo termostati imekwama wazi, kulanti inazunguka kwenye redieta muda wote. Nimeshapata mpya na gasketi yake. Kabla sijaifunga nitaiweka kwenye sufuria ya maji na kipimajoto nione inafunguka kwenye ile digrii iliyochongwa pembeni yake, 82, alafu Jumamosi kulanti inashuka na kazi inaanza.